Betri za Majirani

Ujumbe wa Régine ulinikuta Kigali, alasiri, nikisahihisha mitihani ya fizikia. Aliuandika kama anavyoongea: "Tonton wako ametuacha. Tunazika siku ya tano. Kuja." Sikulia. Nilimaliza karatasi iliyokuwa mbele yangu, kisha nikagundua kuwa nimempa mwanafunzi alama kwa jibu ambalo halikuwa sahihi, nikarudi nikaifuta. Ndivyo nilivyo, na wanaonijua wamezoea. Baadaye nilipokuwa nafunga dirisha la ofisi ndipo nilipomsikia Anselme. Haikuwa sauti yake. Ulikuwa mlio wa mkanda wa mpira ukishika kasi juu ya gurudumu la chuma, ule mlio wa kupanda polepole uliokuwa ukijaza ghala lake Gisenyi kila asubuhi katika mwaka mmoja wa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilisimama na kitasa mkononi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Anselme hakuwa tonton wangu, yaani mjomba, kwa damu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuahidiwa kazi ya kufundisha katika shule ya sekondari iliyokuwa ikikarabatiwa. Shule ikakawia, nami nikabaki Gisenyi nikiingoja, katika chumba nilichopanga uani kwake na kwa mkewe, Régine. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa na ukuta mmoja wa mbao ambao upande wa pili ulikuwa chumba chao cha kulia. Kitanda, meza, ndoo, na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa lile, zilizoanikwa nje. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaamini kuwa kitu kisichoulizwa lazima kina uongo ndani yake. Nilimuuliza padri, nilimuuliza mwenye duka, nilimuuliza dereva wa basi kwa nini nauli ya kwenda na ya kurudi hazilingani. Mji wenyewe haukupenda maswali. Watu walikuwa wamefika kutoka kila upande, wengine kutoka Kongo, wengine kutoka Uganda, wengine hawakuwahi kuondoka, na kila mmoja alikuwa na miaka fulani ambayo hakutaka mtu aiguse. Mimi nilikulia Tanzania, na Kiswahili changu kiliwachekesha. Walisema ninaongea kama mtu anayesoma habari. Anselme, aliyezaliwa milimani upande wa Masisi, ng'ambo ya mpaka Kongo, na kufanya kazi Goma maisha yake yote, ndiye aliyenipa jina. "Kwa nini" yangu kwake ilikuwa "juu ya nini," basi nikawa Mademoiselle Juu-ya-Nini, na wiki haikuisha kabla wauza samaki wote hawajalijua.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kutengeneza ndege ndogo, zile zilizokuwa zikipeleka dawa na wamisionari kwenye viwanja vya majani huko milimani. Alikuwa amerushwa nazo mara nyingi, ameketi upande wa kulia wa rubani, na marubani waliochoka walikuwa wakimwachia usukani wakasinzia. Sasa, ndani ya ghala la zamani la kahawa kando ya ziwa, alikuwa anajenga ya kwake. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma aliyoyachomelea mwenyewe, ngozi yake kitambaa kilichopakwa rangi hadi kikakaza kama ngoma, na injini ilitoka kwenye gari dogo la Kijerumani. Ilikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa kifupi na kimewekewa chini kipande cha godoro, mkanda wake umeshonwa kwa kitenge chenye ndege wa bluu, kwa sababu kilikuwa cha mama yake. Mama yake alikuwa amebaki kule milimani. Barabara ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha waliobadilisha majina kila mwezi, na mwanamke wa umri wake asingeweza kutembea porini siku nyingi. Lakini karibu na nyumba yake kulikuwa na uwanja wa zamani wa wamisionari. Hayo tu ndiyo yalikuwa mawazo ya Anselme. Hakutaka kuwa rubani, hakutaka kusifiwa. Alitaka kwenda pale asubuhi moja, amkalishe mama yake kwenye kile kiti, arudi naye nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Ndege ndogo ina jenereta yake ndogo, ambayo sisi sote tuliiita dinamo. Ile ya Anselme ilitoka kwenye trekta ndogo ya Kijapani, nyepesi, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja kama kichwa cha kabichi. Injini huizungusha, nayo inatoa umeme. Ikizunguka upesi inataka kutoa mwingi mno, kwa hiyo kuna kijisanduku kinachoizuia, regulata. Kabla ya kuifunga kwenye ndege alitaka kuijua tabia yake chini, mezani. Alijenga meza nzito ya mikaratusi, akaifunga dinamo upande mmoja, na upande wa pili mota iliyokuwa ikizungusha kinu cha mahindi. Kati yao ulipita mkanda. Kwa kubadilisha magurudumu aliweza kuizungusha polepole kama ndege inayosubiri, au kwa kasi kama ndege inayopanda. Mbele ya meza alitundika mita ya volti yenye mshale, na umeme wote uliotoka aliutupa kwenye taa za magari alizozipigilia misumari ukutani. Siku yangu ya kwanza ghalani nilikuta ukuta mzima unawaka mchana kweupe, na Anselme ameweka kiganja juu ya dinamo kusikia joto, macho kwenye mshale, kama mtu anayempima mtoto homa.

Zile taa ndizo zilizomleta Mama Jeannine. Alikuwa muuza sambaza, nyumba yake iko juu kuelekea Rugerero ambako nyaya za umeme hazikufika, na redio yake ilikula betri ya gari. Alisimama mlangoni akiwa na beseni kichwani, akatazama ukuta unaowaka, akasema, "Tonton, unachoma moto ya bure. Ile ukuta ina baridi?" Anselme alicheka hadi akazima mota. Kesho yake Mama Jeannine alileta betri yake, na kesho kutwa jirani yake alileta ya kwake. Mwezi ulipoisha taa ziliondolewa. Chini ya meza, juu ya ubao mrefu, kulikuwa na safu ya betri za watu, kila moja imefungwa kitambaa cha kumtambulisha mwenyewe, zote zinakunywa umeme wa dinamo ya ndege. Waliziacha asubuhi wakishuka sokoni na kuzichukua jioni wakipanda. Anselme hakutaka malipo. Watu walileta maharagwe, ndizi, sambaza kwenye jani, na mzee mmoja wa Bugeshi alikuwa akiteremka na viazi vyenye udongo mweusi bado. Kila mtu alifaidika, na dinamo ilikuwa inapimwa. Hata mimi, ambaye sikuacha kitu bila kukichokonoa, sikuona la kuuliza. Ilikuwa ni akili nzuri.

Kwenye benchi la kungojea, karibu na mlango, nilisikia mazungumzo ambayo sijayasikia tena popote. Walikaa pale watu ambao nje ya lile ghala wangepishana njiani bila salamu. Betri ziliwakalisha pamoja. Hawakuulizana mlikuwa wapi miaka ile. Waliulizana betri yako inashika siku ngapi. Waliitania ndege, wakisema ni mwavuli wenye injini, wakimuuliza Anselme kama mama mkwe anaruhusiwa kupanda au ni mama tu. Waliniuliza mimi mwenye shahada kama ni kweli umeme una uzito, na kama hauna, mbona betri iliyojaa inachosha zaidi kuibeba. Nilijaribu kueleza. Mama Jeannine alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mademoiselle, betri inachosha juu unaipandisha mulima. Kushuka unakuja nayo ikiwa tupu." Watu wakaangua kicheko, nami pia, na nikajua nimekubaliwa.

Chakula cha jioni nilikula kwao. Régine alipika ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, au viazi na maharagwe, na aliweka sahani ya nne mezani ingawa tulikuwa watatu. Haikuwa na chakula. Nilipouliza, Anselme alisema ni ya kuzoea. Nilielewa kuwa walikuwa wakipanga mahali pa mama yake, kama watu wanavyosogeza samani kabla mgeni hajafika. Régine alikuwa mwanamke mkubwa, mpole, wa maneno machache, mwenye desturi ya kuifuta ile sahani tupu mwisho wa chakula kama kwamba ilitumika. Lakini ukuta wangu ulikuwa wa mbao. Baada ya mimi kuingia chumbani niliwasikia. Anselme alikuwa akisema mambo ya upepo na ya uzito. Régine akasema bila kupandisha sauti: "Unaenda kuleta mama yako. Bon. Na mimi, nani ataniletea wewe?" Kesho yake asubuhi, tukichambua maharagwe uani, alinisogelea akaniambia kuwa watu wote wanamcheka huyu binti anayeuliza, lakini yeye anaomba niulize. Niulize kila kitu kuhusu ile mashine. "Mimi sikusoma," alisema. "Niulizie."

Habari za mama yake zilikuja kwa miguu. Mtu alifika ghalani akiwa na matope hadi magotini, akapewa chai, na akasema kuwa bibi yuko hai, anakula, meno yamebaki machache lakini ulimi wote. Mmoja wao alituletea habari ambayo Anselme aliirudia kwa kila aliyekuja kuchukua betri. Bibi alikuwa amesikia kuwa mwanawe anajenga ndege, naye akawashawishi wenye ng'ombe wa kijiji wawachunge kwenye ule uwanja wa zamani, ili majani yasiwe marefu. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kila asubuhi na fimbo yake kuwafukuza kutoka katikati kwenda kando, pale majani yalipokuwa marefu zaidi. "Ng'ombe banakata uwanja," Anselme alisema, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto. "Mama yangu iko anafanya kazi ya uwanja wa ndege." Tangu siku hiyo alifanya kazi kwa haraka zaidi, akala akiwa amesimama.

Kulikuwa na sharti moja. Wakubwa wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wamezoea kumwona Anselme akija kuomba, na hatimaye ofisa mmoja aliyewahi kuletewa dawa na zile ndege za wamisionari alimpa ruhusa ya asubuhi moja, kwa siku iliyotajwa. Lakini lazima awe na redio, na lazima aongee nayo tangu anapoinuka hadi anapotua. Ofisa alimweleza bila ukali kwamba kule milimani kuna vijana wenye bunduki wanaotazama juu, na ndege ikinyamaza hakuna atakayeweza kuwazuia. Kwa hiyo ile dinamo, ambayo kwenye ndege nyingine ingekuwa jambo la taa na vitufe, kwake ilikuwa ndiyo sauti yake. Redio ilikuwa nzuri, ya mkono wa pili, na haikupenda umeme wa fujo. Ukiipa zaidi ya inavyotaka, inaungua ndani na kunyamaza. Anselme aliiwasha ghalani, imeunganishwa kwenye meza ya majaribio, na ikaongea asubuhi nzima. Mshale wa volti ulisimama mahali pake kama umechorwa. Aliizungusha polepole, akaizungusha kwa kasi, akawasha na kuzima taa za ndege ghafla. Mshale haukutikisika. Watu kwenye benchi walipiga makofi.

Kisha ikaja siku ya mpira. Ilikuwa mechi kubwa, ya mchana, na kila mwenye televisheni ndogo au redio alitaka betri yake mapema. Kufikia saa sita ubao ulikuwa mtupu. Anselme alikwenda kuitazama na wengine. Mimi sikupenda mpira, nikabaki, na mota ikaendelea kuzunguka kwa sababu alitaka dinamo imalize siku. Juu ya meza ilibaki betri moja tu, ile ndogo ya ndege, ndogo kama mkate, aliyoichagua kwa wepesi wake. Nilikuwa nakula ndizi ya kuchoma. Nikainua macho kwenye mita na nikaona mshale unatembea. Ulipanda, ukarudi, ukapanda tena, na taa ndogo ya majaribio ilikuwa inang'aa na kufifia kama yanavyofanya macho ya mtu mwenye usingizi. Nikaweka ndizi chini. Nikabadilisha gurudumu, nikaongeza kasi, na mshale ukaruka kupita mahali ambapo Anselme alikuwa amechora mstari mwekundu. Wakati huo nikaelewa, na natamani niseme kwamba nilifurahi kuelewa, maana kwa kawaida nilifurahi. Betri za watu ndizo zilizokuwa zikiituliza dinamo. Ukimwaga maji kwa fujo ndani ya bwawa, uso hautikisiki. Ukiyamwaga hivyo hivyo ndani ya kikombe, yanaruka nje. Regulata ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na miezi yote ile tulikuwa tumeipima ikiwa imeshikwa mkono na mtaa mzima.

Anselme alirudi akiwa amechangamka kwa sababu timu yake ilishinda. Nilimwonyesha mshale. Alitazama, akagusa nyaya, akakaza kila kibanio, akazima, akawasha. Kisha akaenda nyuma ya ghala akarudi na betri ya gari lake mwenyewe, akaiunganisha, na mshale ukatulia. Akaitoa. Mshale ukaanza tena kutembea. Alifanya hivyo mara kadhaa, kuweka na kutoa, kuweka na kutoa, hadi nikatamani aache.

"Ndege haiwezi kubeba betri ya Mama Jeannine," alisema mwishowe.

"Haiwezi," nilisema.

"Na hii ingine? Ya gari yangu?"

Tulijua wote wawili. Uzito wa betri moja kama ile, juu ya ule aliokwisha kuuhesabu, na uwanja ule mfupi wa milimani ambako hewa ni nyepesi, wenye bonde mwisho wake. Angeweza kufika nayo. Asingeweza kuinuka nayo tena akiwa na mtu kwenye kiti cha pili.

Siku ya ruhusa ilikuwa wiki ileile. Regulata nyingine ilipatikana Nairobi, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta vipuri angeweza kuileta, lakini lini, hakuna aliyejua. Usiku wa kuamkia siku ile Anselme hakuja mezani kula. Alfajiri nilimkuta ghalani, amekaa kwenye mguu wa ndege, amevaa koti lake la ngozi la zamani. Milango ilikuwa wazi na ziwa lilikuwa limetulia kabisa, asubuhi ambayo mtu yeyote angeichagua. Aliniambia kuwa amefikiri. Huenda redio ikavumilia. Mwendo wenyewe hauchukui muda mrefu, na mara nyingi mashine mbovu hufanya kazi siku unayoihitaji. Aliwahi kuona. Nilimjibu kuwa mimi pia nimefikiri, na kwamba ningeweza kumwambia dinamo itaunguza redio, lakini siwezi kumwambia ni dakika gani.

"We ulisoma," alisema. "Mi naomba neno moja tu. Niende, ao nibaki?"

Nyuma yangu, uani, nilimsikia Régine anamwaga maji ya kuoshea sahani. Alimwaga na akabaki amesimama, kwa maana sikusikia hatua zake zikiondoka.

"Baki," nilisema.

Alivua koti. Akalitundika msumarini, akalinyoosha mabega kama anavyofanya mtu mwenye nidhamu, akaenda kumwambia ofisa kuwa hataweza.

Regulata ilikuja baada ya msimu wa mvua kuanza. Katika kungojea kule niliona jinsi mtu anavyoweza kuishi nusunusu. Aliendelea kujaza betri za watu, aliendelea kucheka na Mama Jeannine, lakini alikuwa amehama. Wajumbe wa miguu walikuwa wachache. Mmoja alisema bibi amechoka, kwamba siku hizi anawatuma watoto kuwafukuza ng'ombe. Régine aliendelea kuweka ile sahani ya nne. Siku kifurushi kilipofika Anselme alikifungua kwa kisu kidogo, polepole, kama mtu anayefungua jeraha, na tukaifunga regulata mpya siku hiyohiyo. Aliwaomba watu kwa heshima watoe betri zao. Wote walizitoa, wakabaki wamesimama kando ya ukuta, kila mmoja ameshika yake au ameiweka miguuni. Meza ilibaki na betri ndogo ya ndege peke yake. Mota ikapanda. Mshale ukapanda nao, ukafika mahali pake, ukasimama. Aliongeza kasi, ukasimama. Alizima na kuwasha taa, ukasimama. Redio ikakohoa na kuanza kuongea. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mzee wa Bugeshi alivua kofia. Anselme alinitazama, na ile ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa na furaha iliyokamilika. Alisema kesho atakwenda kuomba ruhusa upya.

Kesho yake alikwenda, akakuta ofisa yuko safarini. Aliambiwa arudi wiki ijayo.

Wakati ule habari za misiba zilipita redioni. Mtu akifariki mbali, jamaa walikwenda kituoni na tangazo likasomwa baada ya habari za mchana: jina la marehemu, kisha majina ya watoto popote walipo, na kuombwa wajulishwe na yeyote anayesikia. Mtaa mzima ulikuwa ukisikiliza matangazo yale kimya, kijiko kimesimama hewani, hadi majina yaishe. Mchana mmoja wa wiki ile nilikuwa nimekaa ghalani na Anselme tukila viazi kwenye sufuria moja. Sisi hatukuwa na redio iliyowashwa, isipokuwa ile ya ndege, ambayo haisomi matangazo. Tulimwona Mama Jeannine akishuka mteremko. Hakuwa na beseni. Alikuwa amebeba betri yake kifuani kwa mikono miwili, na betri ile alikuwa ameichukua jana yake tu, imejaa.

Aliingia, akaiweka kwenye ubao. Hakuiunganisha. Alisimama mbele ya Anselme, na nilimwona akitafuta neno, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Tonton," alisema, "banakutafuta ku redio."

Anselme aliweka chini kiazi alichokishika. Aliuliza kama ni upande wa milimani. Akajibiwa ndiyo. Aliuliza kama wametaja jina lake peke yake au na la ndugu yake marehemu. Mama Jeannine akasema wametaja lake peke yake. Anselme akaitikia kwa kichwa, kama kwamba hilo nalo lilikuwa jambo la kuthibitisha.

Kabla ya jioni walikuja wengine. Walikuja kutoka Rugerero, walikuja kutoka nyumba za juu, na yule mzee alikuja kutoka Bugeshi kesho yake, na wote walileta betri zao. Nyumba yenye msiba haiwashi redio, na wao walikuwa wameamua, bila kikao, kuwa nyumba yenye msiba ni mtaa wote. Waliziweka chini ya meza kwa mpangilio uleule, na vitambaa vyao vilevile, wakaenda kumpa mkono Régine. Siku zote za matanga zilikaa pale, hazikuunganishwa na kitu. Mota ilikuwa kimya. Nilikuwa sijawahi kulisikia ghala likiwa kimya, na nilisikia mawimbi madogo ya ziwa yakigonga mawe meusi ya nje, ambayo kumbe yalikuwa yakigonga muda wote ule.

Shule yangu ilifunguliwa mwaka ulipokaribia kuisha, lakini si Gisenyi, walinipangia mbali. Anselme alinisindikiza hadi kituo cha mabasi akiwa amebeba sanduku langu begani. Alikuwa tayari ameanza kuivunja ndege, bomba baada ya bomba, kwa utaratibu uleule aliotumia kuijenga. Tulizungumza mambo ya njiani. Basi lilipokuwa linanguruma aliweka sanduku chini, akanishika mkono, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mademoiselle, ile siku, ungenyamaza tu."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nimeigeuza kila upande. Nilikuwa sahihi, ningeulizwa leo mbele ya wahandisi wa dunia nzima, ningesema lilelile. Redio ile ingeungua. Labda ingeungua akiwa ameshatua nyumbani na mama yake ameshakaa mezani mbele ya sahani ya nne. Labda ingeungua juu ya wale vijana wanaotazama juu. Kuna maswali ambayo meza ya majaribio haiwezi kuyabeba, na mimi niliyeamini kuwa kila kitu kinaweza kufungwa mezani na kuzungushwa hadi kiseme ukweli, nilijifunza hapo kuwa ukweli unaweza kuwa sahihi na bado usimfae mtu aliyeuomba. Nimewafundisha watoto wengi kuuliza. Sijawahi kuwaambia hili.

Siku ya tano, siku ya mazishi yake, nilipanda basi la asubuhi. Uani kwa Régine kulikuwa na turubai, na wanawake wanaosonga ugali, na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao wazee, ambao niliwatambua kwa kuwa waliniita kwa lile jina. Mama Jeannine alikuwa amekaa kwenye mkeka, hasikii vizuri tena, na aliendelea kunishika mkono hata alipokuwa anaongea na wengine. Ghala limeshauzwa. Ile meza wanasema iko kwa fundi mmoja wa pikipiki. Régine alitoka ndani polepole akishika ukuta. Amepungua sana. Tulikumbatiana, na karibu na sikio langu akasema, "Miaka hii yote niliikula naye. Ulinipa wewe." Nilimtazama usoni nione kama ni shukrani, na alikuwa ananitazama kwa namna ileile, kama naye anajiuliza.

Viti vilikuwa vimeisha. Aliniongoza ndani, kwenye chumba cha kulia, upande wa pili wa ukuta wangu wa mbao. Pembeni mwa meza, mahali pa sahani ya nne, kulikuwa na kiti kifupi cha mabomba ya chuma, chini yake kipande cha godoro. Nilikitambua kabla sijakikaribia. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kukikalia. Alisema Anselme alikipangusa kila siku ya Mungu na hakuna aliyekaa. Kisha akakisukuma kidogo upande wangu kwa mguu, akasema nikae, wageni wanaendelea kuingia.

Nilikaa. Magoti yangu yalipanda karibu na kifua. Mkanda ulikuwa bado umekunjwa juu ya pembe ya kiti, ndege wake wa bluu wamefifia, kipimo chake kile Anselme alichokikata kwa kumbukumbu ya kiuno cha mama yake, bila kumwona. Niliuzungusha kiunoni. Nilivuta pumzi ndani na nikajaribu tena, lakini haukunifikia.